Laini Isiyolalamika

Sura ya Tisa

"Inspekta, mimi intaneti yangu haifungui hata picha moja. Sasa hizo barua pepe nimezituma na nini, na njiwa?"

Fundi Saa alisema hivyo kwa mara ya nne tangu asubuhi, na kwa mara ya nne Sajini akacheka. Inspekta hakucheka. Siku tano alikuwa hajalala sawasawa kwa ajili ya mtoto asiye wake, na mwanamke akifika hapo, vichekesho humpita pembeni.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, miaka sita, mwenye pumu. Jumatatu mchana alitoka getini shuleni, na hakuna aliyemwona tena. Mlinzi wa shule aliapa kwamba hakusikia kelele yoyote, na mtoto yule, kwa maelezo ya mwalimu wake, alikuwa anapiga kelele hata akikatwa kucha. Kwa hiyo aliyemchukua alikuwa anamjua. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa ameletewa barua pepe tatu, zote fupi, zote na maana moja: Mtoto ni mzima. Uzeni hiyo nyumba mhame, mtampata.

Nani alitaka wahame? Mtaa mzima ulikuwa na jibu. Fundi Saa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amegombana na baba wa mtoto kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, na alisikika mbele ya watu akisema, "Mtahama nyinyi mtaa huu, mimi sihami!" Kisha ikaja barua ya kampuni ya simu, ina mhuri na sahihi mbili: barua pepe zote tatu zilitoka kwenye laini ya Fundi Saa, ile ya waya inayoingia nyumbani kwake. Jana jioni alikamatwa. Kufika asubuhi, vioo vya duka lake la saa vilikuwa vimepigwa mawe vyote, hakikubaki hata kimoja.

"Kampuni wanasema laini yako ni safi," Sajini alimwambia. "Safi kama maji ya chupa."

"Ndivyo wanavyoniambia hata mimi!" Fundi Saa aligonga meza kwa vidole vyake vyembamba, vidole vya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo. "Nimekwenda kulalamika mara kumi na moja. Kila nikienda: tumepima, laini yako safi. Safi wapi? Mvua ikinyesha kidogo tu, hata salamu haiondoki. Nendeni mkaulize, si mna miguu?"

"Mtoto yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ningejua ningekaa hapa?" Mzee akamtazama, na macho yakamjaa machozi. "Huyo mtoto huja dukani kwangu kusikiliza saa zikigonga. Mama, mimi nimezika mke na sina mtoto. Nimfiche wa watu ili iweje?"

Mkuu wa kituo alitaka mtu huyu awe mahakamani saa nane mchana. Waandishi walikuwa wameshaambiwa. Inspekta aliangalia saa ya ukutani: saa mbili na nusu. Saa nne, mama wa mtoto angetia sahihi ya kuuza nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake, kwa sababu polisi walishindwa kumwambia mwanawe yuko wapi. Na inhela, dawa ya pumu ya kuvuta, aliyokuwa nayo mtoto kwenye begi, daktari alisema, isingemaliza wiki.

"Twende kwa hao wa simu," alimwambia Sajini. "Kama anadanganya, nataka nipigilie msumari wa mwisho."

Ofisi ya kampuni ya simu ilikuwa imejaa watu wenye sura moja: sura ya mtu aliyeambiwa azime, asubiri, awashe. Kwenye dirisha la malalamiko alikaa dada mmoja mwenye miwani, aliyezoea kugombezwa mpaka hasikii tena.

"Huyu?" alisema aliposikia jina. "Huyu tunamjua, afande. Tunamwita Bwana Safi. Akiingia tu, wenzangu wote wanabanwa na haja." Akageuza kioo cha kompyuta waone. "Malalamiko kumi na moja, vipimo kumi na moja. Angalia wewe mwenyewe: safi, safi, safi. Mtaa wote ule nyaya zimeoza, lakini yeye ana laini hata mkurugenzi wetu hana. Sasa mtu kama huyo analalamika nini?"

Sajini akatabasamu. "Afande, nimeelewa. Alikuwa anajitengenezea ushahidi. Analalamika kila siku kwamba haifanyi kazi, ili tukija aseme si yeye. Mzee ana akili ya shetani!"

Ilikaa vizuri kabisa. Inspekta alikuwa ameshafunga daftari lake. Halafu akauliza swali moja la mazoea, la kukamilisha tarehe kwenye faili.

"Alianza kulalamika lini?"

"Mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne."

"Na kabla ya hapo?"

Dada akashusha ukurasa, akashusha tena. "Hakuna. Miaka tisa hajawahi kuleta neno."

Inspekta akafungua daftari. Kujitengenezea ushahidi miezi minane kabla? Mwezi wa tatu hata ugomvi wa mfereji ulikuwa haujazaliwa.

"Hebu nionyeshe mtaa mzima," alisema. "Nionyeshe laini mbaya kuliko zote."

"Mbaya ziko nyingi, labda nikutafutie iliyokufa." Dada akabonyeza, akavua miwani, akaivaa tena. "Mungu wangu. Hii si laini, huu ni uzi wa kushonea. Inakatika mara arobaini kwa siku."

"Mwenyewe analalamika mara ngapi?"

"Huyu lazima..." Dada akasogea karibu na kioo. "Aa. Ajabu hii. Huyu alikuwa anakuja kila wiki. Mwanamume mkali! Aliwahi kuipiga meza hii mpaka kikombe changu kikaanguka. Mara ya mwisho alikuja tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu. Toka hapo kimya."

"Ilitengenezwa?"

"Ingetengenezwa ingekuwa hivi?"

Tarehe kumi na moja mmoja ananyamaza. Tarehe kumi na nne mwingine anaanza. Mwenye laini nzuri analalamika, mwenye laini mbovu ametulia tuli kama aliyeshiba.

"Nisomee jina."

Dada akasoma jina na namba ya nyumba. Lilikuwa jina la baba wa mtoto.

Kalamu ya Sajini ilianguka, ikabingirika mpaka miguuni kwa mtu wa kwanza kwenye foleni, na hakuna aliyeinama kuiokota. Inspekta alishika ukingo wa dirisha. Jumatano alikuwa amekaa sebuleni kwa watu wale, mvua inapiga bati kama inadai kitu, na baba wa mtoto akamwonyesha kwenye televisheni, kutoka mtandaoni, video ya binti yake akikata keki. Dakika ishirini nzima. Haikukwama hata mara moja. Yeye Inspekta, mwenye miaka kumi na saba kazini, alikaa akaitazama, akafuta machozi, akaona ni televisheni tu.

"Nani alitumwa mtaani kwao tarehe kumi na moja?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

Fundi aliyetumwa wenzake walimwita Kiraka, kwa sababu kazi yake yote maishani ilikuwa kutia viraka. Walimkuta hukohuko mtaani, amechuchumaa mbele ya kabati la chuma la nyaya, nyumba tatu kutoka kwa Fundi Saa. Mlango wa kabati ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani, nyaya zilikuwa zimevimba na kuota ukungu wa kijani, na maungio yamefungwa kwa mifuko ya plastiki ya dukani.

"Afande, usicheke," Kiraka alisema alipoona anatazama mifuko. "Huu waya mama, unaogawia nyumba zote, ulizikwa ardhini kabla mimi sijaoa. Leo nina wajukuu. Ndani mna jozi mia moja za nyaya, kila nyumba jozi yake. Zinazopitisha kitu hazifiki ishirini. Tukiomba waya mpya tunaambiwa subirini bajeti. Na watu wanataka intaneti leo."

"Kwa hiyo mnafanyaje?"

Mzee akajikuna shingo. "Tunaazima."

"Mnaazima nini?"

"Jozi. Kuna mteja anapiga kelele, anatukana, anapiga simu mpaka kwa wakubwa. Na kuna mteja mkimya, tangu umfungie laini hujamwona. Basi unachukua nzuri ya mkimya unampa mwenye kelele, na ile mbovu unampa mkimya. Mkimya hana ugomvi. Kila fundi anafanya, afande, siyo mimi peke yangu. Walionifundisha kazi walinifundisha hivyo."

"Na ofisini mnaandika kwamba mmebadilisha?"

"Tukiandika si tutafukuzwa?"

Ama kweli mnyonge hana haki. Fundi Saa, mzee wa watu, amenyang'anywa laini kwa sababu ya upole wake, akaenda kulalamika, wakapima laini iliyokwisha kuhamia kwa jirani, wakamwambia safi, wakamcheka, wakampa jina. Mara kumi na moja! Na kisha polisi wakaja na barua ileile ya "safi" wakamfunga pingu mbele ya duka lake.

"Sikiliza vizuri, baba," Inspekta alisema. "Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu ulichukua jozi ya Fundi Saa ukampa nani?"

"Huyo jirani yake. Yule mwenye... masikini, yule aliyepotelewa na mtoto."

"Kwa hiyo anachokifanya yeye kwenye intaneti, kampuni inaona ni Fundi Saa."

"Ndiyo. Kompyuta inajua jozi, haijui mtu. Hata yeye mwenyewe nilimweleza."

Inspekta aliinua kichwa. "Ulimweleza nani?"

"Huyo baba. Nilimwambia, mzee, nimekupa ya Fundi Saa, usinitaje popote. Akacheka sana. Akaniambia, kwa hiyo nikifanya madhambi huko mtandaoni, anayekwenda jela ni yeye?" Kiraka alicheka kidogo kwa kukumbuka, kisha akaona nyuso zao, na kicheko kikamfia kinywani. "Tulicheka wote, afande. Nilijua ni utani. Si utani ule?"

Barabarani pikipiki ilipita, ikaenda zake. Inspekta alijikuta amekaa juu ya kisanduku cha vifaa cha Kiraka bila kujua amekaa saa ngapi. Baba mzazi! Mwanamume aliyelia mbele yake siku tano mfululizo, kamasi na machozi, mpaka akampa leso yake mwenyewe!

"Kikulacho..." Sajini alianza kunong'ona.

"Usiimalizie," Inspekta alisema, akasimama. "Maneno ya fundi hayatoshi. Wakili yeyote atasema mzee kachanganya nyaya. Nataka nione kwa macho yangu. Baba, unaweza kuing'oa laini ambayo ofisini imeandikwa Fundi Saa?"

"Sekunde moja tu."

"Basi shika simu yako. Nikikuambia ng'oa, ng'oa. Nikikuambia rudisha, rudisha. Na usimguse mwingine hata kwa bahati mbaya."

Saa nne kasorobo.

Sebuleni, karatasi zilikuwa zimeshapangwa mezani. Wakili wa mnunuzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha peke yake, anaangalia saa ya mkononi kwa adabu. Mama wa mtoto alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa amevaa gauni lilelile la tangu Jumanne, na nywele zake hazijaguswa. Mume wake alisimama nyuma yake, mkono begani kwake.

"Inspekta! Karibu, karibu sana," alisema kwa kwikwi. "Huyo shetani amesema alipomficha?"

"Bado," Inspekta alijibu. "Mama, hujatia sahihi?"

"Nilikuwa naanza." Mama aliitazama kalamu kama hajui imefikaje mkononi. "Baba alijenga nyumba hii kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Miaka miwili mume wangu ananiambia tuuze anunue lori, nakataa. Sasa nauza. Si nitampata?"

"Nyumba ni tofali tu, mke wangu," mume alisema. "Mtoto ndiye mtoto."

"Subiri dakika moja, mama. Weka kalamu."

Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa kwenye rafu, karibu na televisheni, ina taa mbili za kijani. Inspekta alisogea akasimama pale zinapoonekana na kila mtu. Akapiga simu.

"Ng'oa."

Taa moja ikabaki kijani. Nyingine ikapepesa, ikawa nyekundu.

Alijua itakuwa hivyo. Alikuja makusudi ili iwe hivyo.

"Aa, nyaya za mtaa huu," baba wa mtoto alisema haraka. "Zinakatikakatika kila saa, kero tupu."

"Zako? Toka mwezi wa tatu hujalalamika hata siku moja." Inspekta akarudi kwenye simu. "Rudisha."

Nyekundu ikapepesa. Ikawa kijani.

"Laini iliyong'olewa sasa hivi," Inspekta alisema taratibu, akimwangalia mama, "ni laini ya Fundi Saa. Barua zote tatu zilipita humo. Fundi Saa yuko mahabusu, na nyumbani kwake hakuna mtu. Iliyozimika ni hii yenu."

Wakili alianza kukusanya karatasi zake, moja baada ya nyingine, bila kutoa sauti.

"Sielewi," mama alisema.

"Jumatano saa kumi na dakika kumi jioni, barua ya tatu iliingia kwenye simu yako. Ulikuwa umeniegemea bega, hapohapo ulipokaa. Sajini alikuwa mlangoni. Nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye hatukumwona." Akamgeukia mume. "Ulikuwa chumbani, kichwa kinakuuma. Baadaye mimi mwenyewe nilikuletea maji, ukanishukuru."

"Unaota, Inspekta." Alijaribu kucheka. "Mimi? Damu yangu mwenyewe? Mke wangu, unasikia matusi haya?"

"Fundi wa laini yuko nje. Anakumbuka ulivyocheka. Anakumbuka na ulichosema kuhusu madhambi na jela."

Mkono wa mume uliondoka begani kwa mke wake. Ulibaki hewani kidogo, kisha ukaingia mfukoni. Mama alikuwa ameuhisi ukiondoka. Aligeuka polepole, akamtazama kuanzia miguuni mpaka usoni, mtu aliyelala naye kitanda kimoja siku zote tano, aliyempepea alipozimia.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Sikuulizi nyumba. Mwanangu yuko wapi?"

"Hajaguswa hata unywele," alisema, na mara akajua amesema nini. Sajini alisogea akaziba mlango. Mume akafumba mdomo, akaukaza, na Inspekta aliwajua watu wa namna hiyo: sasa hivi angetaka wakili, na wakili angechukua nusu siku, na mtoto mwenye pumu alikuwa mahali fulani na inhela ya siku tano.

Wakati huo simu ya mama ikaita mezani. Kila mtu aliruka. Juu ya kioo liliandikwa: Mama Mkwe.

"Ni mama yake," mama alisema bila kuondoa macho kwa mumewe. "Hupiga kila asubuhi. Anasema ameacha kula toka Jumatatu."

"Usipokee," mume alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ana presha, mama yangu. Usimshtue. Mke wangu, tafadhali, usipokee hiyo simu!"

Inspekta alimtazama, akaitazama simu. Yarabi. Hata huyo?

"Pokea, mama," alisema. "Uifungue sauti."

Mama akagusa kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya kizee ilijaa sebule, imelowa machozi. "Jamani bado tu hamjampata mjukuu wangu? Nimekesha naomba. Nimelia mpaka macho hayaoni. Mkwe wangu, uzeni hiyo nyumba, mali hutafutwa, mtoto hatafutwi..."

Nyuma ya kilio kile mlango ulilia bawaba. Kikafuata kikohozi, chembamba, chenye filimbi kifuani. Kisha kisauti kikauliza:

"Bibi, huyo ni mama? Mwambie dawa yangu ya kuvuta imekwisha."

Kilio cha bibi kilikatika palepale. Hapakuwa na machozi tena kwenye simu, hapakuwa na kwikwi. Kulikuwa na pumzi tu ya mtu mzima aliyesimama kimya, na kikohozi kile kikirudi.

Mama wa mtoto hakupiga kelele. Aliisogeza simu mdomoni kwa mikono miwili, na alipozungumza, alizungumza kwa heshima ileile aliyomheshimu nayo mwanamke yule tangu siku alipoolewa.

"Mama," alisema, "mpe mwanangu simu."